Waini, perege na mlenda kando ya Bwawa la Hombolo: namna ya kuipanga siku yako

Kila ikikaribia Agosti, ndugu na marafiki walioko Dar huanza kuniuliza swali moja: tamasha la waini Dodoma ni lini mwaka huu? Nimechoka kulijibu. Tarehe za matamasha hutangazwa, kisha huahirishwa tangazo likiwa bado ukutani. Mzabibu hauahirishi. Ukishaijua ratiba yake huhitaji kusubiri tiketi ya mtu: kusanya watu wako saba au wanane, nunueni waini, nendeni mkale samaki kando ya Bwawa la Hombolo, mrudi mjini jua halijazama. Nimeshaipanga siku hiyo mara nyingi, na nimeshaiharibu kwa namna karibu zote zinazowezekana. Fuata hatua hizi usirudie makosa yangu.

Neno moja kabla hatujaanza. Utasikia majina matatu ya kitu kimoja. Kanisani ni divai, kwenye karatasi ya chupa ni mvinyo, mezani Dodoma ni waini. Na hiyo ya kanisani ndiyo iliyotangulia: wamisionari wa Kikatoliki kutoka Italia walipanda mizabibu Bihawana, nje kidogo ya mji, miaka ya 1950. Mimi nitaandika waini, maana tunakwenda kula, hatuendi misa.

1. Chagua mwezi

Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka: Februari hadi Machi, kisha Agosti hadi Septemba. Kule Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja tu. Huku hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo mwamuzi ni mkulima na mkasi wake. Akipogoa, mti unachipua upya, na baada ya miezi minne au zaidi vichala viko tayari. Ndiyo maana utaona shamba moja lina vichala vyeusi vinavyoning'inia na la jirani lina majani mabichi matupu. Jirani hajazembea, amepogoa tarehe nyingine.

Msimu wa Agosti ndio ninaoupendekeza kwa mgeni. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, kwa hiyo Agosti barabara za mashambani ni vumbi tupu na gari dogo linapita. Isitoshe, tarehe 8 ni Nanenane. Viwanja vya Nzuguni, ambako maonesho ya kitaifa ya 2024 yalifanyika, hujaa wakulima na wasindikaji, na wasindikaji wadogo wa waini huweka meza zao humo. Ukitaka kuonja waini nyingi za watu wengi siku moja, nenda Nanenane leo, Hombolo kesho.

Februari na Machi kuna raha yake: bwawa limejaa, nchi ni ya kijani, na mlenda, ile mboga ya majani inayoteleza, ni mbichi kutoka shambani. Ila uwe tayari kusukuma gari.

2. Kusanya watu, na mmoja wao asinywe

Wanane ni idadi nzuri. Mnatosha kufungua chupa nne bila mtu kulewa na mnaenea kwenye gari moja la kukodi. Kati ya hao, dereva hanywi. Sizungumzii dereva wa kuonja kidogo tu, asiguse kabisa. Kama hakuna anayekubali kujitolea, kodini gari lenye dereva wake, mmlipe vizuri na mumpe sahani ya kwanza. Wadogo wa chini ya miaka 18 waje tu wakale samaki na kutupa mawe majini, waini haiwahusu.

Wanaotoka Dar wana treni ya mwendokasi, inayofika Dodoma tangu katikati ya 2024. Wapande siku moja kabla. Kuna watu hudhani wataamka Dar, wale chakula cha mchana Hombolo na kulala Dar. Wataweza, ila siku nzima watakuwa wanatazama saa.

Kutoka katikati ya mji hadi Hombolo ni kilomita 40 hivi, upande wa kaskazini mashariki. Njia niliyoizoea ni barabara ya Dar hadi Ihumwa, kisha kushoto. Ukipotea ulizia Chuo cha Serikali za Mitaa, hakuna asiyekijua. Ondokeni saa moja na nusu asubuhi. Chukueni mkeka, kofia, maji ya kunywa mengi kuliko mnavyodhani mtahitaji, na noti ndogondogo. Mvuvi hana chenji ya elfu kumi, na mtandao wa kutuma pesa hukosekana siku unapoutaka.

3. Nunua waini mjini

Ingawa Hombolo ndiko kilikojengwa kiwanda cha waini cha CETAWICO, na mashamba yapo kila upande, usiende ukitegemea kukuta duka limefunguliwa kwa ajili yako. Nunua mjini siku moja kabla ili ipate kupoa.

Chupa ya kawaida ina mililita 750, yaani glasi tano za kiasi. Kwa wanywaji saba, chupa nne zinatosha: mbili nyeupe kavu, moja nyekundu kavu, moja nyekundu tamu. Wauzaji wenyewe watakwambia drai na switi. Kwenye karatasi tafuta aina ya zabibu. Nyeupe ya hapa mara nyingi ni Chenin Blanc. Nyekundu yaweza kuwa Syrah, au Makutupora nyekundu, zabibu iliyochukua jina la kijiji chenye kituo cha utafiti wa zabibu, kaskazini ya mji. Kama ni chupa yako ya kwanza ya Dodoma, chukua ya Makutupora. Syrah utaipata hata Afrika Kusini.

Kagua stempu ya kodi ya kielektroniki na nembo ya TBS, Shirika la Viwango. Kisha kagua duka. Chupa iliyosimama dirishani ikipigwa jua la mchana miezi mitatu imeshapikwa, hata kama bei ni nzuri. Omba ile iliyoko ndani, kwenye boksi.

Sasa niseme juu ya mchuzi. Mashambani utasikia watu wakiuza "mchuzi wa zabibu". Ni zabibu zilizosagwa na kukamuliwa. Wasindikaji huununua kwa lita ili kutengeneza waini. Mwaka mmoja nilipata dumu la lita tano kwa bei ya kuchekesha. Nikalifunga kifuniko kwa nguvu zangu zote, nikaliweka kwenye buti, nikakaa bwawani hadi alasiri. Mchuzi ulikuwa bado unachacha. Tuliporudi kwenye gari dumu lilikuwa limevimba kama kibofu cha ng'ombe, na kabla sijaamua la kufanya rafiki yangu akalegeza kifuniko. Shati lake halikutakata tena, na buti lilinuka siki hadi Krismasi. Ukiununua mchuzi, legeza kifuniko, liweke dumu wima, na uchukulie kwamba unasafiri na kitu kilicho hai.

Deli lijazwe barafu. Nyeupe izame humo tangu asubuhi. Nyekundu nayo ipozwe kidogo, japo vitabu vya Ulaya husema inywewe kwa joto la chumba. Chumba wanachokisema kina nyuzi 16 au 18, na kivuli cha mwembe Hombolo saa saba mchana kinaweza kupita 28. Iweke nyekundu kwenye barafu nusu saa kabla ya kuifungua. Waini ya moto inanuka pombe tupu.

Na kifungulio! Chupa nyingi zina kizibo cha gome. Tuliwahi kufungua moja kwa msumari na mpini wa nyundo ya fundi baiskeli. Ilifunguka, lakini tuliinywa tukitema vipande vya gome.

4. Pitia shamba kwanza

Saa mbili na nusu asubuhi zabibu bado zina ubaridi wa usiku, na wavunaji wameshaanza. Ukiona watu shambani, simamisha gari, shuka, salimia. Kwa Wagogo, "Mbukwenyi" inafungua milango ambayo "Mambo vipi" haiwezi kuifungua. Watacheka lafudhi yako, watakujibu, na pengine utaombwa uingie. Usiingie kabla ya kuombwa, na usichume. Mkulima akikupa kichala, kioshe kabla hujakila: mizabibu hupigwa dawa dhidi ya ubwiri, ule unga mweupe unaokula majani na matunda.

Uliza jambo moja tu, amepogoa lini. Swali hilo litakupa maelezo ya nusu saa, ya bei, ya maji, ya mnunuzi aliyeahidi kuja na hajaja. Zabibu za waini haziwekeki. Zikishaiva ni siku chache tu kabla hazijaanza kuharibika, na mkulima asiye na mnunuzi hulazimika kuziuza kwa bei ya kutupa au kuzikamua mchuzi. Ukiyasikia hayo asubuhi, mchana hutalalamikia bei ya chupa.

Akikuuzia kilo mbili tatu, nunua. Mtazitafuna njiani.

5. Agiza chakula kabla ya kutandika mkeka

Hapa ndipo wageni wengi hukosea. Wanafika bwawani saa tano, wanapiga picha, wanafungua chupa, na saa nane njaa ikiwashika ndipo wanaulizia samaki. Wavuvi huingiza mzigo alfajiri. Ukichelewa utabaki na wadogo.

Ukifika tu, nenda ufukweni kwenye mitumbwi. Samaki wa hapa ni perege na kambale. Perege huuzwa kwa mafungu au mmoja mmoja kwa ukubwa. Angalia jicho liwe angavu na mashavu kwa ndani yawe mekundu, bonyeza mgongo uone kama nyama inarudi. Mtu mzima mmoja hutosheka na perege mmoja wa kujaa kiganja na vidole. Kisha mpelekee mama lishe. Nakumbuka mara ya mwisho:

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Mko wangapi?"

"Wanane. Tuna perege wetu, tunaomba utukaangie, na ugali na mlenda."

"Ugali wa sembe au wa uwele?"

"Wa uwele."

Akanitazama upya kidogo. "Mlenda wa karanga au mtupu?"

"Wa karanga."

"Haya. Saa saba. Msije saa sita mkanisimamia kichwani."

Patana bei hapo hapo, ya mafuta na kuni ndani yake, lipa nusu, ondoka. Kama mnataka mbuzi, mwagizeni siku moja kabla kupitia mwenyeji au mje na nyama mbichi kwenye deli la pili pamoja na mkaa na wavu wenu. Mbuzi haiharakishwi.

Mkisubiri, tembeeni. Bwawa hili lilijengwa 1957 na siku yenye upepo linatoa mawimbi madogo kama ziwa halisi. Jioni za Agosti ndege wa majini ni wengi. Lakini msiingie majini, hata kulowesha miguu. Maji yaliyotulia yenye majani kingoni ndiyo makazi ya konokono wa kichocho, na kichocho hakikuumi siku unayokichukua. Maji ya hapa yana chumvichumvi pia, kwa hiyo hata ya kuchemshia chai tumieni mliyokuja nayo. Kama mnataka mtumbwi, mwulizeni mvuvi mzee, si kijana wa kwanza atakayewakimbilia, na mpande kabla ya waini, si baada yake.

6. Mezani: kuleni ndipo mnywe

Asiyekula kwanza hataonja kitu. Waini ina kilevi cha asilimia 12 hivi, zaidi ya mara mbili ya bia, na jua la Dodoma linafanya nusu nyingine ya kazi. Kwa kila glasi ya waini, glasi ya maji.

Anza na perege na waini nyeupe kavu. Perege akikaangwa vizuri huwa amechanjwa mbavuni mara tatu, ngozi imekauka na kukunjamana, mapezi yanatafunika kama bisi. Kamulia ndimu. Tafuna, meza, ndipo upige fundo dogo la Chenin Blanc iliyopoa, ulizungushe mdomoni kabla halijashuka. Utahisi uchachu wa waini unasafisha mafuta kwenye ulimi, kazi ile ile ndimu imeifanya, na kinywa kinataka samaki tena. Ndipo utaelewa kwa nini nimekwambia uchukue mbili nyeupe.

Pilipili weka pembeni kwa sasa. Waini kavu, hasa nyekundu, juu ya pilipili kichaa inawaka moto mdomoni na huonji kimoja wala kingine.

Halafu mlenda. Kwa msomaji asiye wa huku: ni majani ya mwituni yanayoteleza, mabichi au yaliyokaushwa na kutwangwa, yanapikwa kwa magadi kidogo na karanga za kusaga, na hulika kwa ugali wa uwele au mtama, mweusimweusi, mzito. Tonge linachovywa, linazungushwa ili uzi ukatike, linamezwa. Nimejaribu kuutafutia mlenda waini yake kwa miaka kadhaa. Nyekundu kavu inagombana nao. Ukakasi wa waini na magadi vikikutana unapata ladha ya sarafu. Tamu ni aibu. Nyeupe kavu ndiyo inayovumilika, kwa sababu mlenda hauna uchachu wake wenyewe na waini inauletea. Ila nitasema kweli: mlenda hautaki chochote zaidi ya tonge. Wakati wa mlenda wekeni glasi chini, kuleni kwa mkono.

Nyekundu kavu ni ya mbuzi. Ionje kwanza bila nyama. Utahisi ule ukakasi unaokausha fizi kama umeng'ata ndizi mbichi, na mmoja wenu lazima atasema imeharibika. Haijaharibika. Mpe kipande cha mbavu chenye mafuta na chumvi ya kutosha, atafune, kisha arudie fundo lile lile. Mafuta na chumvi vinaulainisha ukakasi, na tunda lililojificha nyuma yake linajitokeza. Nimewaona watu waliokuwa wanataka kuichanganya na soda wakinyamaza na kuomba glasi ya pili.

Kuhusu hiyo soda. Wapo wanaochanganya, na pesa ni zao. Lakini onjeni mara moja bila kuchanganya, angalau ili mjue mnachokificha.

Tamu ni ya mwisho, na kashata za karanga au zile zabibu za asubuhi. Nusu glasi tu. Ukiianza tamu mapema, kila kavu itakayofuata itaonekana siki. Kosa hilo nimeliona likirudiwa hata kwenye meza za watu wakubwa.

7. Likiwa tamasha lenyewe

Kama mmebahatika na tamasha limefanyika kweli, mjini au kando ya bwawa, mpangilio ni huo huo, ila mabanda ni mengi na muziki una kelele. Kula ugali kabla ya kuingia. Zunguka mabanda yote mara moja mikono mitupu, ndipo uchague manne au matano ya kuonja. Kuonja ni fundo, si glasi, na kutema kwenye ndoo si utovu wa adabu. Wasindikaji wenyewe hutema. Muulize muuzaji maswali matatu: ni zabibu gani, shamba liko kijiji gani, imetengenezwa mwaka gani. Anayejua waini yake atakutajia Mpunguzi, Matumbulu au Mbabala bila kufikiri. Anayekujibu "ni nzuri sana, inaongeza damu" mshukuru, pita.

Manunuzi yafanye mwisho, ukiwa umeonja na kulinganisha. Chupa tatu zilizonunuliwa saa nne asubuhi utazibeba mgongoni hadi jioni, nazo zitakuwa supu.

Kwa anayetaka ziwa la kweli, Singida mjini kuna mawili, Singidani na Kindai, maji ya chumvi, na kuku wa kienyeji ambao sifa zao zinafika Dar kabla yao. Beba waini kutoka Dodoma, lala huko. Kuku wa mchuzi wa Singida na nyeupe kavu, hilo ni andiko jingine.

8. Rudini kabla ya giza

Saa kumi na nusu kunja mkeka. Hesabu chupa tupu na uondoke nazo. Glasi iliyovunjika kwenye mchanga huokotwa na mguu wa mtoto wa mvuvi. Rudisha sahani kwa mama lishe zikiwa zimekusanywa, mlipe nusu iliyobaki, na kama kuna perege aliyezidi mwachie.

Kuanzia saa kumi na moja ng'ombe wanarudi bomani na hutembea barabarani kwa kujiamini kabisa. Dereva apunguze mwendo, azime muziki, ashushe kioo asikie kengele zao kabla hajawaona vumbini. Waini iliyobaki irudishiwe kizibo na kulazwa kwenye barafu iliyobaki. Kwenye friji nyeupe itakaa siku mbili au tatu, nyekundu vivyo hivyo. Siku ya nne itieni kwenye sufuria ya nyama ya mbuzi, pamoja na kitunguu na nyanya, dakika kumi kabla ya kuongeza maji.